Sura ya Nne: Nyumba ya Kupimia Mikono

Mji huu haukuwa na milima. Ulikuwa na mifupa. Haukuwa na upepo. Ulikuwa na pumzi, na kila pumzi ilipopita vitu vyote vilipanda kidogo na kushuka kidogo, nyumba, watu, masufuria jikoni, wala hakuna aliyelalamika kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa mahali palipotulia. Nyuma ya mfupa wa kifua cha Mji ndipo iliposimama Nyumba ya Kupimia Mikono. Na ndani ya Nyumba hiyo, asubuhi moja ambayo haikuwa na nia ya kuwa mchana, Machano alikuwa kwenye foleni akiusugua mkono wake pajani ili upoe.

Mkono wenyewe ulikuwa mpya. Wagombea wote hufika pale kutoka Ubohoni, ndani kabisa ya mifupa, wakiwa hawana mikono. Barazani huoneshwa lundo la vipande, vidole na viganja na vifundo, kisha huambiwa wafumbe macho, wachague, waunge wenyewe. Nia ni kwamba adui wa Mji hajulikani atakuja na sura gani, basi na iundwe mikono ya kila namna kwa kubahatisha, mmojawapo utamkamata. Fikra nzuri sana hiyo, na aliyeitoa bila shaka hakuwa akiishi karibu. Ukiunda mikono kwa kubahatisha utapata michache inayomfaa adui, mingi isiyomfaa mtu yeyote, na mingine inayoenea sawasawa kwenye shingo ya jirani yako.

Ndiyo maana kukawa na Nyumba, na ndani ya Nyumba kazi ilikuwa moja tu: kusalimiana. Mgombea anapiga hodi, anakaribishwa, anatoa mkono, wenyeji wanapima. Akishika kwa ulegevu hata mkono ukateleza, huyo hana faida. Hakuna atakayemgombeza, ila hakuna atakayemwita tena, atasimama pembeni mpaka afifie. Akishika kwa nguvu, aking'ang'ania, huyo ni hatari. Kesho atamnyonga mtu wa Mji akidhani anamkumbatia. Anayetakiwa ni wa katikati: ashike, ajue ameshika, aachie. Kuusalimia Mji kwa ubaridi ni kifo, na kuusalimia kwa mapenzi ni kifo. Aliyewahi kukaa nyumba moja na mama mkwe hahitaji kuelezwa zaidi.

Machano alikuwa wa mapenzi. Alilijua hilo tangu barazani, alipompa mkono mtu wa kwanza na kujikuta anauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za mguu uliokuwa ukiuma, na mkono hauachii mpaka majibu yote yawe yamefika. Mwenzake Sikitu, aliyeunga mkono wake ubavuni pake, alikuwa kinyume chake kabisa. Mkono wake ulikuwa mwembamba, wenye kidole gumba kilichopinda nyuma kama kijiko kilichokaliwa, na haukumshika mtu. Walipopeana mikono, wake uliteleza na wa Machano ukabaki hewani unauliza habari. Wakacheka, wakaahidiana kwamba watatoka pamoja au hawatatoka. Ahadi za barazani ndivyo zilivyo.

Lakini hebu tusimame kidogo hapa, maana pumzi imepita na foleni imesimama. Swali lililokuwa likimtafuna Machano lilikuwa hili: wananitaka niwajue, au nisiwajue? Nisipowajua, nitawalindaje? Nikiwajua sana, kwa nini iwe kosa? Ni Mji gani huu unaomwogopa anayeupenda? Na mtu aliyepitishwa kwa sababu hakupenda vya kutosha, akifika huko nje, anasimama mlangoni pa nani na kusema mimi ni wenu? Alijaribu kumuuliza aliyekuwa mbele yake, mgombea mmoja mrefu mwenye macho ya kulia, na yule akamwambia asimtie mkosi.

Sasa jambo la pili la kufahamu. Ndani ya kifua cha kila mgombea mlikuwa na ukoo mzima. Mkono ukishika kitu, habari haipandi moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Anaipokea kwanza mpwa aliyekaa kwenye kifundo, anamtikisa shemeji aliyeko begani, shemeji anawaamsha wakwe, wakwe wanaitana, na kila mmoja anatia chumvi yake kabla ya kuipitisha. Habari iliyoondoka mkononi ikiwa "tumeshika mtu" hufika moyoni ikiwa "tumevamiwa" au "tumeoa". Mwisho wa msururu huo walikaa wawili. Mjomba alikuwa na neno moja tu maishani mwake, nalo ni "Jikunje". Shangazi kazi yake ilikuwa kumkalia Mjomba mapajani na kumziba mdomo kwa kiganja. Mgombea aliishi kadiri Shangazi alivyokuwa na nguvu za kukaa, na nguvu za Shangazi zilitoka kwenye uji, na uji ulitoka kwa wenyeji, ambao humpa wanayempenda. Machano hakuyajua haya bado. Alidhani kuna mtu mwenye panga mahali fulani.

Foleni ikafika uani. Bi Kidawa, mwanamke mpana aliyekuwa mkuu wa Nyumba, alikuwa ameketi mkekani pamoja na dada zake, wote wamenyoosha mikono kama watu wanaosubiri kupakwa hina. Sikitu alitangulia. Mkono wake ukateleza kwa wa kwanza, ukateleza kwa wa pili, ukapita kwa dada wote kama sabuni, na kila alipoteleza wenyeji waligeuza nyuso kwa upole, wakaanza kuzungumza habari za mboga. Sikitu akaanza kufifia kwenye kingo. Machano akamnong'oneza asilazimishe, aende tu mpaka mwisho wa mkeka. Pale mwisho alikuwapo dada mdogo kuliko wote, amesinzia. Kidole gumba kilichopinda kikajikwaa kwenye kidole chake, kikakaa, kikakaa kidogo tena, kisha kikaachia. Yule dada akafumbua macho na kusema marahaba bila kuwa amepewa shikamoo. Ilitosha. Bi Kidawa akamjazia Sikitu bakuli la uji, na kingo zake zikarudi.

Machano akapelekwa kwa Bi Kidawa mwenyewe. Akamwamkia vizuri, akatoa mkono, na kifuani ukoo ukaamka kwa kelele. Aliachia, ndiyo, lakini aliachia kama mtu anayeachia mkono wa mgonjwa. Bi Kidawa alijinyoosha vidole kimoja kimoja, akamwambia kwamba yeye atawasumbua. Kisha akampa uji, akampitisha sebuleni.

Sebule ilikuwa ya Mzee Ubwa. Haiwezekani kuuleta Mji mzima kwenye chumba kimoja uje kusalimiwa, kwa hiyo Mji mzima ulikuwa ndani ya kasha lake. Mzee Ubwa aliingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa kofia na hasira za mzee wa mtaa wa Ini. Akarudi, akatoka akiwa bawabu wa Figo mwenye kuchagua nani apite. Akarudi, akatoka akiwa mshonaji wa Ngozi, na sindano yake, na maneno yake mengi. Aliwaigiza watu ambao hakuwahi kukutana nao, na wao huko mitaani hawakujua kwamba yupo mzee anayewavaa kila siku ili wasiuawe. Nadhani ndiyo kazi ya upweke kuliko zote. Hata hivyo aliipenda, na akikohoa kikohozi cha mzee wa Ini ungeapa umemwona.

Tatizo ni kwamba Mzee Ubwa alikuwa amezeeka, na Nyumba ilikuwa inazeeka naye kwa namna yake, yaani ilikuwa inanenepa. Kuta zilijaa mafuta. Vyumba vya nyuma vilikwishazibwa, na sebule, ambayo zamani ilikuwa ukumbi, sasa ilimlazimu Mzee Ubwa kuvaa akiwa ameegemea ubavu mmoja. Hakuna aliyelisema jambo hili waziwazi. Walisema tu kwamba siku hizi joto limezidi.

Yule mgombea mrefu aliitwa. Bawabu wa Figo akamsalimia vizuri, mshonaji akamsalimia vizuri. Alipotokea mzee wa Ini, yule mrefu alimshika mkono na kuanza kulia kwa furaha, akamvuta kifuani, akasema amemtafuta siku zote. Mzee Ubwa alimpigapiga mgongoni akiwa bado ndani ya sauti ya Ini. Bi Kidawa akaja mlangoni na kusema maneno yanayosemwa: "Ahsante, mwanangu, umetuheshimu." Hakukuwa na panga. Yule mrefu alijifuta machozi, akaenda ukumbi wa nje, akajikunja. Alijikunja kama shuka lililofuliwa, nusu, nusu tena, akajifunga vifurushi vidogovidogo visivyovuja tone, kwa adabu ambayo hakufundishwa na mtu. Wafagiaji wakaja wakamla kimyakimya, wakafuta sakafu. Machano aliona kwamba yule mtu alikuwa akisikiliza sauti iliyotoka ndani yake mwenyewe, na hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza. Panga mtu angeweza kulikimbia.

Sikitu akaingia, akateleza kwa wote, na humu sebuleni kuteleza ndiko kupita. Ini, Figo, Ngozi, Jicho, hakuna hata mmoja aliyemkamata, naye hakumkamata mtu. Mzee Ubwa alifurahi kumaliza haraka. Sikitu akapewa kibuyu cha uji cha safari, akampungia Machano, akatoka kwenda mitaani bila kusubiri, maana mtu aliyeponea chupuchupu hakumbuki ahadi za barazani.

Ikafika zamu ya Machano. Alijiuma mdomo mbele ya Ini. Mbele ya Figo alijifinya. Mshonaji wa Ngozi alimwuliza habari naye akajibu kwa neno moja tu, jambo lililomuumiza mno. Hatimaye Mzee Ubwa akavua kofia ya mwisho, akajifuta jasho, akasema kwa sauti yake mwenyewe kwamba yamekwisha, aende zake, Mungu amlinde.

Machano akageuka kuondoka, lakini mkono haukugeuka. Ulibaki umeelekea kasha. Chini kabisa, chini ya kofia na makoti yote, palikuwa na kitu kinachonukia utamu, aproni iliyokunjwa na shada la funguo, na mkono ulikijua kitu kile kama mtoto anavyojua mlango wa kwao.

Nyamaza, Machano. Umepita. Toka. Nje kuna uji. Nani atajua? Hakuna. Na huyo mwenye funguo ni nani? Mtu wa Mji. Utamkuta? Mji ni mkubwa. Utamkuta? Mkono utamkuta. Utamfanyaje? Nitamsalimia. Utamwachia? Machano alisimama pale na pumzi zikapita, moja juu ya nyingine, na hakuweza kujidanganya kuhusu swali hilo la mwisho.

"Mzee," akasema, "bado mmoja."

Katika historia ya Nyumba hakuna mgombea aliyewahi kuomba aongezewe mtihani. Dada wa Bi Kidawa walikuja kutazama. Mmoja alisema amelewa uji. Mzee Ubwa alilalamika kwamba yeye si mtoto, anawajua watu wake wote, akaanza kuwahesabu kwa vidole. Akasita, akaanza upya, akasita palepale. Kisha akainama kwa taabu kwenye kasha, akachimba mpaka chini, akaitoa ile aproni. Ilikuwa imeshika mikunjo ya kukaa muda mrefu. Ilikuwa ya mwanamke wa mtaa wa Kongosho, yule anayeifungulia sukari milango ya nyumba za watu. Asipokuwepo, sukari itajaa barabarani na watu watakufa njaa majumbani mwao huku wakiisikia harufu yake.

Mzee Ubwa akavaa. Akatikisa funguo. Alipotokea nyuma ya pazia hakuwa mzee tena, alikuwa mwanamke mchovu mwenye haraka, aliyeamka mapema kuliko wote na hakuna aliyemshukuru. Akanyoosha mkono.

Machano akaushika, na ukoo mzima ukasimama. Tumeshika! Nani? Wetu. Wetu sana? Mno. Adui? Hapana. Mbona hivi basi? Sijui, mwambie mjomba wako. Shemeji wa begani alipiga kelele, wakwe wakapiga vigelegele, habari ikafika mwisho wa msururu imevimba kupita mlango. Mjomba akajaribu kuinuka aseme neno lake. Shangazi akamkalia kwa uzito wote. Mjomba akauchomoa mdomo mara moja, akasema "Ji—", na Machano akahisi miguu yake inaanza kupanga namna ya kujikunja.

Bi Kidawa alikuwa na upawa wa uji mkononi. Angeweza kuuweka chini na kusema maneno yanayosemwa. Alimtazama huyu mpumbavu aliyekuja kujishitaki, akasogea, akamnywesha uji kama anavyonyweshwa mtoto mgonjwa, na kifuani Shangazi akapata nguvu, akajiweka sawa. Mkono haukuachia. Lakini haukukaza. Ulikaa tu, ukijua ulichoshika.

"Huyu wa mshipi," Bi Kidawa akasema.

Wa mshipi huwa wachache. Ni wale wanaomjua mtu wa Mji kupita kiasi na bado hawakufa kwa kumjua. Hufungwa mshipi mweupe, huitwa wasuluhishi, na kazi yao ni kusimama kati ya Mji na walinzi wake. Wana sharti moja la ajabu. Hawapewi kibuyu. Watakunywa uji wa yule wanayekwenda kumtuliza, kwenye kibuyu chake, huku amekasirika. Machano aliuliza kama hakuna utaratibu mwingine. Akaambiwa akitaka raha angekaa kimya.

Mzee Ubwa alikuwa ameketi juu ya kasha, aproni bado kiunoni. Alikuwa analia, kwa sauti yake. Alitaka kujua ni tangu lini hajamvaa mwanamke yule. Bi Kidawa ndiye aliyefika mbali zaidi kwa mawazo. Aliuliza nani wametoka leo. Wakamtajia Sikitu, mkono unaoteleza, aliyepita wote bila kumshika mtu.

"Mkono usiomshika mtu nyumba nzima," akasema Bi Kidawa polepole, "una mtu wake, na mtu huyo hakuwemo humu leo. Kimbia, mwanangu."

Machano alikimbia. Alibebwa na mto mwekundu wa Mji pamoja na takataka na wachuuzi wa hewa, akapita Ini, ambako mzee wa kweli wa Ini alikuwa anakohoa, na kikohozi kilikuwa kibaya kuliko kile cha Mzee Ubwa. Shangazi alianza kuchoka njiani. Machano alipofika mtaa wa Kongosho aliona sukari imezagaa mlangoni pa nyumba moja, haijafunguliwa mlango, na ndani ya mlango Sikitu, mikono ya nguo imekunjwa, amemshika mwanamke mwenye aproni kwenye kifundo cha mkono. Kidole gumba kilichopinda kilikuwa kimekaa pale kana kwamba kilikatwa kwa kipimo cha mfupa ule. Sikitu alikuwa na uso wa mtu aliyefika nyumbani. Mwanamke alikuwa ameanza kubadilika rangi, na bado anajaribu kuziokota funguo kwa mkono mwingine.

Machano akaushika mkono wa pili wa Sikitu. Uliteleza. Akaushika tena. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia kiunoni mwa Sikitu; akakichomoa, akanywa, na hakuona haya hata kidogo, maana alikuwa na kiu ya watu wawili.

"Hujambo, Sikitu?"

"Sijambo. Huo uji wangu."

"Habari za safari?"

"Nzuri. Niachie, nina kazi."

Lakini alijibu. Sikitu alikuwa amelelewa na Nyumba ileile, na mtu wa Nyumba ile hawezi kuiacha salamu ikiwa imening'inia, kama wewe usivyoweza kupita mlango wa jirani anayekutazama. Machano akamwuliza habari za kazi. Akamwuliza za nyumbani na za mguu. Akanywa tena. Kwa kila jibu vidole vya Sikitu juu ya kifundo cha yule mwanamke vilipoteza nguvu kiasi cha jibu hilo, naye alilijua hilo, likamkasirisha, akajibu kwa ufupi zaidi ili amalize upesi. Salamu za Machano zilikuwa zinakaribia kwisha. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za mguu mara mbili.

"Na wenzetu?" akauliza.

"Wenzetu gani?"

"Tulioingia nao. Habari zao."

 Sikitu alikuwa ametoka kwenye Nyumba bila kugeuka nyuma, na tangu atoke hakuna aliyemuuliza. Alitazama funguo chini, akatazama mkono wake kana kwamba ni mara ya kwanza anaona umemshika nani.

"Yule mrefu alijikunja," akasema.

"Nilimwona. Na wengine?"

"Machano, ni wengi."

"Usinifupishie," akasema Machano. "Mmoja mmoja."

Mtu hawezi kutoa habari za namna hiyo amesimama. Sikitu alitafuta kizingiti kwa mkono, akaketi, na ili aketi ilimbidi amwachie yule mwanamke, ambaye aliokota funguo zake, akaingia ndani kufungua. Sikitu akaanza na aliyekuwa amekaa kushoto kwake barazani, ambaye hakufika hata uani, akamtaja jina, akaeleza mkono wake ulikuwaje. Machano akasema pole, akamuuliza anayefuata.